Mpare Aliyekataa Kesi

Kama una ndugu anayepanda pikipiki, mtumie hii akiwa bado mzima.

Pale Himo walikuwepo watani wawili, Mgonja na Lyatuu. Mgonja ni Mpare, kazi yake kushusha tangawizi milimani kwa pikipiki na kuileta sokoni. Lyatuu ni Mchagga, mwenye pikapu ya kubebea ndizi. Utani wa makabila hayo mawili mnaujua. Mchagga anaambiwa hata akizimia, dondosha sarafu atazinduka. Mpare anaambiwa yuko radhi auze ng'ombe ili afuatilie kesi ya kuku.

Miaka nenda miaka rudi, Lyatuu hakumwacha Mgonja apite bila kumuuliza kesi yake ya kuku imefikia wapi. Soko zima hucheka. Mgonja naye hucheka, lakini kimoyomoyo ilimkera, akajiapiza kwamba hakuna Mchagga atakayemwona mahakamani.

Siku moja ya gulio Lyatuu aliingiza gari barabara kuu bila kutazama vizuri, akamgonga mtani wake. Tangawizi ikatapakaa lami yote. Mguu wa Mgonja ukavunjika vibaya. Aliyembeba kumkimbiza hospitali ni Lyatuu huyohuyo, analia njia nzima.

Wodini akaja askari wa usalama barabarani kuchukua maelezo. Alimweleza Mgonja kwamba ile pikapu ina bima, na kwamba majeruhi ana haki ya kudai fidia ya matibabu na ya kipato alichopoteza. Mgonja akageukia ukutani.

"Andika hatudaiani," akasema. "Huyu ni mtani wangu. Tumeshamalizana."

Mkewe, Nakiete, alimsihi sana adai, asimsikilize. Ndugu wengine walimsifu Mgonja kwa moyo wake wa kusamehe. Ndivyo tulivyo: kiburi kikivaa nguo za wema, tunakipigia makofi.

Mfupa ukagoma kuunga. Daktari akasema bila operesheni ya kuweka chuma mguu hautabeba uzito tena, na pikipiki aisahau. Akiba nyumbani haikuwepo. Kilichokuwepo ni ng'ombe mmoja wa maziwa, na ndiye aliyekuwa akiwasomesha watoto. Mgonja akaamua auzwe.

Lyatuu, siku za mwanzo, alikuwa akija hospitali kila jioni. Halafu kimya. Sokoni wakasema Mchagga ameona gharama zinakuja, ametoka mbio. Maneno hayo yalimuuma Mgonja kuliko mguu wenyewe.

Nakiete akapeleka habari sokoni kwamba kuna ng'ombe anauzwa. Mnunuzi wa kwanza alifika uani na kamba mkononi. Alikuwa Lyatuu.

Alimzunguka ng'ombe, akampapasa mgongo, kisha akavuta kigoda akaketi karibu na Mgonja, aliyekuwa kivulini na mguu wake tangu alipotolewa hospitali.

"Maisha yangu yote nasikia Mpare anauza ng'ombe ili apate kesi," akasema. "Leo ndiyo kwanza nasikia Mpare anauza ng'ombe ili akwepe kesi. Mtani, unatuharibia utani."

Mgonja hakucheka. Alimuuliza alikuwa wapi siku zote hizo.

Lyatuu akaitupa kamba chini, akaeleza kwamba aliona aibu kurudi mikono mitupu. Alikuwa amerudi kituoni mwenyewe kuwaambia askari kwamba hakuna kilichomalizika. Alikiri kosa mahakamani huko Moshi, akatozwa faini mbele ya watu wa huko wanaomfahamu. Baada ya hapo akawa haishi kwenda Moshi, kwenye ofisi ya bima, kutoa taarifa ya ajali na kuulizia majeruhi wake anatakiwa kuleta nini. Kilichobaki ni dai lenyewe. Hilo lazima alilete Mgonja, na akizidi kuchelewa muda wa kudai utampita.

"Lakini nilikuwa nimekusamehe," Mgonja akasema. "Kwa nini ukajishtaki?"

"Umenisamehe mimi, Mungu akubariki. Bima huna ugomvi nayo." Lyatuu akainamisha kichwa. "Mimi nakata bima ndogo, mtani. Ile hainilipi hata kioo cha gari langu. Ni ya yule nitakayemgonga. Kila mwaka nalipa huku nanung'unika, kumbe nilikuwa nakulipia wewe. Sasa Mchagga alipe kitu miaka yote hiyo, halafu siku kinapotakiwa kisifanye kazi? Unataka kuniua?"

Nakiete ndiye aliyeanza kucheka. Mgonja akafuata, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Alisema hakukataa kesi kwa sababu ya msamaha peke yake. Aliogopa kuchekwa.

Kesho yake Lyatuu alimpeleka Moshi kwa pikapu ileile, akiendesha polepole hata baiskeli zikawapita. Haikuwa kazi nyepesi. Walizungushwa, wakarudishwa, mara ripoti ya daktari, mara ya polisi. Lakini bima ililipa. Mguu ukawekwa chuma, na ng'ombe akabaki zizini.

Siku Mgonja alipoingia tena Himo akitembea mwenyewe, alikwenda moja kwa moja kwa Lyatuu na fungu la tangawizi. Watu wakasogea, maana walijua matusi ya watani yanakuja. Mgonja akavua kofia.

"Mtani, nakushukuru," akasema, wote wakisikia. "Ungenyamaza, aibu isingekupata, na mimi nisingetembea. Asante sana."

Safari hii Lyatuu hakuulizia kesi ya kuku. Akaipokea tangawizi kwa mikono miwili.

Funzo: Msamehe aliyekuumiza kwa moyo wote, lakini usiitupe haki uliyowekewa na sheria kwa kuogopa maneno ya watu, na ukimpata aliyekubali aibu ili wewe upone, mshukuru akiwa hai, mbele za watu, usingoje msibani.