Picha Mbichi ya Bi Mwanakombo

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, ni zamani hii ya juzi ambayo kila simu ina kamera na kila mtu ana picha nzuri kuliko yeye mwenyewe, palikuwa na mpiga picha pale Korogwe aliyeitwa Kiondo. Watu walimpenda. Ukiingia studio kwake mweusi, unatoka mweupe. Ukiingia na chunusi, unatoka laini. Hakuna aliyelalamika. Nani alalamike kwa kupendezeshwa?

Kamera ya Kiondo haikutoa picha iliyoiva. Ilitoa picha mbichi, rangi zote zimo lakini zimepooza, na yeye ndiye aliyeziivisha kwenye kompyuta. Hapa anaongeza mwanga, pale anapunguza wekundu, mpaka uso unang'aa. Ile mbichi aliihifadhi kwenye diski, na hakuna mteja aliyewahi kuiomba.

Siku moja akapiga picha za harusi ya Nasra. Mama yake Nasra, Bi Mwanakombo, alikuwa mweusi tii, na siku ile alikaa kiti cha mbele akacheka mpaka jino la mwisho likaonekana. Sherehe ilipokwisha, Nasra akamfuata Kiondo, akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, mama umng'arishe kidogo. Wakwe zangu wataziangalia hizi picha."

Kiondo akamng'arisha kidogo, akaona haitoshi. Akaongeza, akaona bado. Akaongeza tena. Bi Mwanakombo akatoka maji ya kunde, wakwe wakamsifu, picha ikatundikwa sebuleni.

Miaka ikapita, Bi Mwanakombo akaanza kusahau. Alisahau chumvi, akasahau majina, akasahau njia ya nyumbani. Na Alhamisi moja asubuhi akatoka kwenda sokoni, hakurudi.

Nasra akatafuta picha ya mama yake. Nzuri aliyokuwa nayo ni ile moja ya harusi. Akaituma kwenye makundi yote ya simu, akaibandika kwenye nguzo za umeme. Alipofika pa kuandika rangi ya mwili, kidole kikasita. Akiandika mweusi, watu watauliza mbona picha iko hivi, na wakwe nao wamo kwenye makundi. Akaandika: "Ni mweupe kiasi."

Kaka yake Bi Mwanakombo, Mzee Mhina mfugaji, akasimama Ijumaa baada ya sala, akasema mbele ya watu, "Atakayefanya dada yangu apatikane, mtamba wangu mwekundu ni wake. Nimesema."

Watu wakatafuta mwanamke wa maji ya kunde. Wakatafuta Ijumaa, hawakumpata. Wakatafuta Jumamosi, hawakumpata.

Sasa, nguzo mojawapo ilikuwa mbele ya studio ya Kiondo. Tangazo aliliona Alhamisi ile ile jioni. Akaitambua kazi yake, akajua pale pale kosa liko wapi. Picha mbichi ilikuwa ndani, hatua kumi tu. Lakini akawaza: nikiitoa, mji mzima utaona nilichomfanya mama wa watu, na kila mwenye picha yangu ukutani atajitazama mara mbili. Akajiambia, watampata tu. Ijumaa akapita pale nguzoni ameinamisha kichwa. Jumamosi akapita upande wa pili wa barabara. Jamani, mtu mzima anakimbia karatasi!

Jumapili asubuhi akaiacha chai mezani, akaingia studio. Akaifungua ile picha mbichi. Nyuma ya Bi Mwanakombo palikuwa na meza yenye kitambaa cheupe. Akarekebisha rangi mpaka weupe wa kitambaa ukawa weupe wa kweli, si wa manjano wala wa bluu, kisha uso wa mama akauacha ulivyo. Ukamtazama, mweusi, unacheka. Kiondo akaona haya peke yake mbele ya kompyuta. Akaituma kwa Nasra, Nasra akaisambaza.

Haikupita saa moja, Mama Rehani, mama lishe wa stendi, akapiga simu analia. "Huyu nilimlisha mie! Ijumaa mchana nilimpa wali na maharage. Akaniambia anakwenda kwa mama yake, akashika njia ya mashamba ya mkonge."

Wakaifuata njia hiyo. Wakamkuta kwenye mtaro katikati ya mkonge, yu hai, midomo imekauka, mguu mmoja umechanika na kuoza. Hospitali wakamwokoa yeye, mguu hawakuuokoa. Daktari akasema angefikishwa Ijumaa, angetembea.

Bi Mwanakombo alipotoka hospitali, Mzee Mhina akamleta mtamba, akamfunga uani kwa Nasra, watu wote wamekusanyika. "Kiondo mwanangu, njoo umchukue. Bila wewe tungekuwa tumeshazika."

Watu wakapiga makofi, na Kiondo akatamani ardhi ipasuke.

"Mzee, sistahili," akasema. "Mimi ndiye niliyempoteza. Nasra aliomba kidogo, mimi nikaona kidogo haitoshi. Na picha ya kweli nilikuwa nayo tangu Alhamisi. Niliificha kwa aibu yangu. Mguu ule mnaudai kwangu. Mpeni Mama Rehani, ndiye aliyemlisha na kuonyesha njia."

Makofi yakakatika. Mama Rehani akajifunika uso kwa upande wa kanga. "Mie msinipe, baba zangu. Tangazo nilikuwa nalo kwenye simu wakati anakula. Nililiweka karibu na uso wake. Macho yale yale, kicheko kile kile. Nikasema moyoni, bibi mweusi hivi, atakuwaje yule mweupe wa tangazo? Nikamwacha aende zake. Mpeni Nasra, aliyehangaika usiku na mchana mpaka namba ya simu ikanifikia."

Nasra akapiga magoti mbele ya mjomba wake. "Mimi nilimwonea haya mama yangu akiwa mzima, anacheka. Nikaandika uongo kwa mkono wangu, na mama yuko porini. Mjomba, mpe Kaka Kiondo. Angalau yeye mwishoni alisema kweli."

"Simtaki," akasema Kiondo.

"Sasa mnyama nimfanyeje?" Mzee Mhina akafoka. "Nimetamka mbele ya msikiti mzima. Zizini kwangu harudi!"

Mtamba akalia kwa kiu. Hakuna aliyethubutu kuigusa kamba yake, hata kumpeleka majini.

Bi Mwanakombo alikuwa amekaa kwenye kiti chake pale pale uani, kanga imefunika mahali mguu ulipokuwa. Akanyoosha mkono kwenye simu ya Nasra, aliyokuwa ameifungua kumwonyesha mjomba tangazo lile la kwanza. Akalitazama kwa muda mrefu, akaukunja uso kwa huruma.

"Bibi wa watu, mzuri hivi," akasema. "Maskini. Mmeshampata?"

Kiondo akamtazama Nasra. Nasra akamtazama Mama Rehani. Mama Rehani akatazama chini.

Haya, nyie mliokaa mkinisikiliza, mimi nimewafikisha hapo, mbele hapaendeki bila ninyi. Mtamba yungali kafungwa, na mama yungali anangoja jibu. Je, kati ya wale watatu, nani alimstahili mtamba? Na nani alistahili kumwambia mama yule kwamba aliyepotea ni yeye?