Machano Aliyekwenda Kuhojiwa

Hapo zamani, katika mji wa Chambule uliokuwa kando ya mto, alitawala Sultani Shehe bin Omari bin Nahoda, naye alikuwa kijana wa miaka thelathini na miwili aliyependa sana vitabu, hasa kile alichokitunga mwenyewe. Kitabu hicho kiliitwa Tarehe na Desturi za Chambule. Baada ya kukimaliza Sultani akapiga mbiu kwamba kila mtu aliyezaliwa nje ya mji atahojiwa barazani maswali arobaini, na atakayekosa hata moja atavuka mto kabla ya mwezi kuandama, aache nyumba na aache mke kama mke ni mwenyeji.

Watu kumi na mmoja wakahojiwa, na kumi na mmoja wakavuka. Wa mwisho wao alikuwa muuza halua, aliyesema kwamba mnara wa msikiti ulianguka Jumanne, na kitabu kilisema Jumatano.

Zamu ya kumi na mbili ikawa ya Machano bin Vuai, fundi wa kuezeka makuti. Alizaliwa ng'ambo ya mto, akaja Chambule akiwa na miaka ishirini, na sasa alikuwa na sabini. Mali yake ilikuwa kisu, ngazi na nyumba ndogo aliyoishi na mkewe, Bi Mize binti Haji, mwenyeji wa mji. Machano hakujua kusoma, basi Bi Mize akamsomea kitabu mara saba.

"Tatizo lako nalijua," Bi Mize akasema. "Ukihadithia hukosei jina hata la paka. Ukiulizwa, unakuwa kama mtu aliyemeza pamba."

"Ni kweli, mke wangu."

"Sasa utafanyaje? Mimi sivuki mto kwa uzee huu, na wala hawataniruhusu."

Machano akafikiri, kisha akasema, "Nisomee tena desturi ya kumi na nne."

Siku ya kuhojiwa, Machano akaingia barazani, akasalimu, akaketi mkekani. Katibu Abdulatifu bin Nasibu alikuwa na kalamu tayari, kwani aliamriwa aandike majibu yote, na jina la kila atakayetajwa mbele yake kuwa amezaliwa nje ya mji. Sultani akasema, "Ewe Machano, mtaje mwanzilishi wa mji huu."

Machano akakitazama kitabu kilichokuwa mbele ya katibu.

"Hujui?"

"Bwana wangu, kitabu chako kinanizuia. Desturi ya kumi na nne yasema mdogo hamhoji mkubwa wake kwa umri. Nikikujibu, nitakuwa nimekusaidia kuivunja, na mvunja desturi huvuka mto."

Katibu akafunua kitabu, akaikuta. Sultani hakuweza kuikana, maana aliiandika kwa mkono wake. Basi akamgeukia waziri wake, Hamadi bin Zubeiri. "Mhoji wewe. Wewe mtu mzima."

"Mimi nilizaliwa mwaka wa nzige," waziri akasema. "Nani hapa aliyezaliwa kabla ya hapo?"

"Mwaka wa nzige naukumbuka, mwanangu," Machano akajibu. "Ulikuwa mwaka wa tatu wa Sultani Nahoda, aliyepokea kiti kwa ami yake Faki, aliyepokea kwa baba yake Mwinyi, aliyepokea kwa Bakari, mwanzilishi wa mji huu, aliyechimba kisima kabla ya kujenga nyumba. Nilikuwa juu ya paa la jiko lenu siku uliyozaliwa. Nzige wakala makuti yangu yote. Ulilia mpaka mkunga akaomba ruhusa ya kwenda zake."

Watu wakainamisha nyuso ili wasionekane wakicheka. Katibu akaandika.

Kadhi akazishika ndevu zake, zilizokuwa nyeupe kabisa. "Na hizi je?"

"Hizo zina haraka tu, Sheikh. Wewe ulizaliwa wiki ulipoanguka mnara, Jumatano baada ya adhuhuri, Sultani Faki akiwa mgonjwa kitandani. Mimi nilikuwa nimevuka mto na mzigo wa makuti ya msikiti huohuo. Jina lako alikuchagulia bibi yako, maana baba yako alikuwa anafukua mawe, kwa desturi ya ishirini na mbili, kwamba nyumba ya Mungu hutengenezwa kwanza."

Ikawa kila aliyejitokeza alipewa mwaka wake, pamoja na vita, njaa, harusi na mazishi ya mwaka huo, wala Machano hakukosea jina. Mwishowe Sultani akakasirika.

"Basi nitakuhoji mwenyewe! Kiti changu kina umri mkubwa kuliko wewe."

"Kiti, ndiyo. Lakini wewe, bwana wangu, ulizaliwa mwaka wa ndui. Baba yako, Sultani Omari, aliogopa maradhi, akamvusha mama yako mto, na ukazaliwa kule kijijini kwetu, nyumba ya pili kutoka bwawani. Paa lilivuja. Niliitwa mimi."

Ikasikika kalamu ya katibu.

"Unaandika nini?" Sultani akauliza.

"Nilichoamriwa, bwana wangu."

"Soma."

Katibu akasoma: "Machano bin Vuai, mwezekaji, amezaliwa ng'ambo. Maswali arobaini hayakuulizwa, na yote yamejibiwa. Shehe bin Omari, sultani, amezaliwa ng'ambo. Bado hajahojiwa." Akaongeza kwa adabu, "Naweza kukuweka kesho asubuhi. Na kwa kuwa mhoji sharti awe mkubwa kwa umri..."

"Mimi nina nafasi," akasema Machano.

Sultani akamtazama Machano, akamtazama katibu, kisha akaanza kucheka polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Akaomba ile karatasi. Ilikuwa na majina mawili tu, na haikuwezekana kulitoa moja na kuliacha jingine, basi akaichana yote. Siku hiyohiyo akatuma mtumbwi ng'ambo kuwarudisha wale kumi na mmoja, na akaamuru wa kwanza kupanda awe muuza halua.

Machano alipofika nyumbani, Bi Mize alikuwa amesimama mlangoni.

"Wamekuuliza nini?"

"Sikujibu swali hata moja," akasema Machano, akaegemeza ngazi ukutani, akaingia ndani.