Nguchiro na Kanuni ya Mshuko Tangulizi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga, wakipangisha na kugombana na majirani kama sisi, Mama Ngiri aliuliza swali mkutanoni: “Kama nyumba yangu haina thamani tena, mbona wewe unaitaka?”

Daktari Chui, mtaalamu wa bei za nyumba, alifuta miwani. Profesa Nyati, mtaalamu mwenzake, alikohoa.

Mwaka uliotangulia, hao hao wawili ndio waliosema bei ya mashimo haijawahi kushuka wala haitashuka, kila mmoja achimbe. Wanyama wakachimba, chaka chaka, mpaka mbuga nzima ikawa matundu. Ukame ukaja, wapangaji wakahama, bei ikaanguka pu. Sasa walikuwa wamerudi na ushauri mpya: uzeni upesi, kesho itakuwa mbaya zaidi. Na mnunuzi? Daktari Chui mwenyewe, kapu la viazi vitamu kwa kila shimo.

Mama Ngiri alikuwa na watoto wachanga, na mawingu ya mvua yalishaanza kujikusanya. Lakini nani abishane na daktari? Akanyoosha mkono kulipokea kapu.

“Samahani, Daktari,” ilisema sauti kutoka kwenye nyasi.

Alikuwa Nguchiro, asiyefika hata goti la Nyati. Moyoni alikuwa anatokota. Usoni alikuwa mpole kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Katika mikutano yote aliyohudhuria, hakuwahi kuwasikia wawili hawa wakisema “sijui.”

“Nauliza tu ili nijifunze. Ushauri wako umezingatia Kanuni ya Mshuko Tangulizi?”

Kanuni hiyo haikuwepo. Aliitunga pale pale, akijikuna sikio.

Chui akamtazama Nyati. Nyati akamtazama Chui. Kila mmoja alidhani mwenzake anaijua.

“Bila shaka,” akasema Chui. “Ndiyo msingi wa kazi yangu yote.”

“Nimeifundisha miaka mingi,” akaongeza Nyati.

“Basi waelezeni hawa wenzangu.”

“Eleza wewe, binti,” akasema Chui. “Tuone kama uliielewa.”

“Asante, mzee wangu. Kanuni inasema hivi: anayetabiri kwamba bei itaanguka huuza nyumba yake kwanza, kwa bei ile ile anayowapa wenzake.” Nguchiro akaliburuta kapu, kru kru kru, mpaka miguuni mwa Chui. “Viazi vyako hivi hapa. Lile pango lako la mawe, lenye kivuli, Mama Ngiri atalihamia leo.”

“Msingi wa kazi yake yote,” Kobe, aliyekaa pembeni, akaiga sauti nzito ya Chui, na mkutano mzima ukaangua kicheko.

Chui akalisukuma kapu pembeni. “Kwa... kwa takwimu za hivi punde, nyumba zina thamani. Tena kubwa. Mtu asiuze.”

“Hata yangu?” akauliza Mama Ngiri.

“Hata yako.”

Mvua ilipoanza, ti ti ti, Mama Ngiri aliwatanguliza wanawe shimoni. Kisha akaingia kinyumenyume, kama ukoo wake unavyoingia, makalio kwanza na uso mlangoni, ili amwone kila anayekuja.

Elimu haina kosa. Kosa ni kumruhusu mwenye elimu asijibu swali.

Nawe unayenisikiliza, nakuomba: ukishauriwa uuze nyumba, muulize mshauri yeye analala wapi, na usiondoke mpaka ajibu.