Siku Edah Alipomfungia Senge Mlango

Wahenga waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone hawakutaja mgeni aje na nini, wala hawakutaja mwenyeji anaumwa wapi. Waliliacha jambo hilo wazi kwa kuwa walijua kwamba mara nyingi mwenyeji mwenyewe hana habari kuwa ni mgonjwa. Wapo wanaoiona methali hiyo kuwa maneno ya kumliwaza mtu anayelazimika kumchinja kuku wake wa mwisho. Edah Nekoye, fundi wa kushona sare za shule mjini Kitale, alikuwa mmoja wao, hadi ilipowadia Jumapili moja ya mwezi wa Agosti.

Mwaka huo baridi ilishuka kutoka Mlima Elgon kama mdai asiye na haya. Mvua ilinyesha kila alasiri, na jioni watu walitembea wamejikunyata, mikono kwapani. Edah na mumewe Wamalwa, ambaye aliuza mbegu na mbolea katika duka dogo karibu na soko, walipata dawa ya baridi hiyo. Edah aliwasha jiko la makaa barazani, akalipepea hadi makaa yakaiva yakawa mekundu na moshi wote ukaisha, kisha akaliingiza chumbani mwao. Dirisha lilifungwa. Chini ya mlango walisokomeza gunia kuukuu ili upepo usipate pa kupenya. Chumba kikawa na joto tamu kama la mgongo wa mama.

Ndoto za ajabu zilianza pamoja na baridi hiyo. Usiku mmoja Edah aliota ng'ombe ameingia dukani mwake amevaa sare ya shule, akalalamika kwamba sketi inambana kiunoni na akaomba iachiliwe inchi mbili. Usiku mwingine aliota cherehani yake inagombea udiwani, na yeye amepanga foleni kuipigia kura, ila kila akifika mbele karani anamwambia arudi akanyoe nyusi. Aliwasimulia wateja ndoto hizo huku akiwapima mabega watoto wao, na wateja walicheka hadi wakashika mbavu.

"Mama Nekoye, wewe ungeenda redio, bana," walimwambia. "Si hata ungelipwa!"

Edah alifurahi. Aliziona ndoto zile kuwa kipaji kilichochelewa kuchipua. Ni kweli kwamba asubuhi aliamka kichwa kikimwanga kama kinu kinachotwangiwa mtama, na mara mbili alitapika kabla ya chai, lakini alisingizia miwani yake ya zamani. Wamalwa naye aliamka mzito, macho yamemwiva, akasingizia harufu ya mbolea. Hakuna aliyelitazama jiko kwa jicho baya. Nani humshuku rafiki anayempa joto?

Jumapili hiyo walitoka kanisani mapema. Watoto wao wawili, ambao bado hawajaanza shule, walikuwa Webuye kwa bibi yao, na shule zilikuwa zifunguliwe kesho yake. Sketi na kaptula ambazo hazijatiwa vifungo zilirundikana mezani. Edah alikuwa ndiyo kwanza anavua viatu vyake vya matope pale mlangoni wakati simu ilipolia.

"Haro! Edah! Mulembe!" sauti ilivuma kama kengele ya kanisa. "Ni mimi senge wako. Niko hapa steji Kitale. Nimekuja kuwaona!"

Senge ni shangazi kwa Kibukusu, na huyu Roselyne alikuwa dada mkubwa wa marehemu baba yake, mkulima wa Matulo, mwanamke mwenye kifua kipana na sauti ya kukifaa kifua hicho. Edah alimpenda, lakini alimpenda zaidi akiwa Matulo. Mara ya mwisho Senge alikuja kwa siku mbili wakati mahindi yanapandwa, akaondoka mahindi yakitoa ndevu. Katika muda huo aliimba tenzi za rohoni kabla ya jogoo kuwika, akahamisha kila sufuria jikoni, na akawaeleza majirani wote jinsi Edah alivyokojoa kitandani hadi darasa la tatu.

"Ai, Senge!" Edah alijisikia akisema. "Pole sana! Hatuko. Tumeenda Webuye kuchukua watoto. Tutarudi kesho, au hata kesho kutwa."

"Ati Webuye? Basi nitaenda kukaa hapo barazani kwenu nipumue kidogo. Nimebeba mzigo, siwezi kuurudisha Matulo."

Simu ilikatika. Wamalwa alimtazama mkewe kama mtu aliyemwona paka akizungumza.

"Edah, huyo si ni kama mama yako?"

"Na hizi sketi nani atatia vifungo? Wewe?" Edah alijibu kwa ukali wa mtu anayejua amekosa. "Akae hapo nje nusu saa, akichoka atarudi. Ingia chumbani. Usikohoe."

Wakajifungia. Edah alitia komeo mlango wa mbele, akashusha mapazia na kulivuta chumbani jiko lenye makaa mekundu ya asubuhi, kwa kuwa mawingu yalikuwa yamekwisha kuwa meusi kama masizi. Alijaza makaa na kusokomeza gunia chini ya mlango kwa bidii kuliko siku zote, ili hata sauti ya pumzi yao isitoke. Wamalwa alijilaza kitandani na koti lake la kanisani, na hakuchukua muda akasinzia. Edah aliketi sakafuni chini ya dirisha akitia vifungo gizagiza, sindano ikimchoma vidole.

Mvua ya mawe ilianza kugonga mabati, na ilipotulia kidogo, hatua nzito zikasikika barazani. Mzigo ukatuliwa chini kwa kishindo.

"Hodi hapa!" Kimya. "Hodi wenyewe!" Kimya. Kisha Senge Roselyne akacheka peke yake, kicheko cha tumboni. "Haya, mlango, wewe hujambo? Wenyewe wameenda Webuye, ati. Wameenda pekupeku? Maana viatu vyao naviona hapa, na matope yake bado mabichi."

Edah alifumba macho kwa aibu. Alitaka kusimama, lakini aibu ina uzito wake, nayo ilimkalisha pale pale.

"Si neno," Senge aliendelea akivuta kigoda chini ya dirisha la chumba. "Mtu akifungiwa na watu, huongea na mlango. Sikiliza, mlango. Juzi niliota nimekufa. Nimefika mbinguni, langoni kuna foleni kama ya kununua mbolea ya serikali. Malaika ananiambia, Mama, imba utenzi mmoja tu, uingie. Mimi, Roselyne, mwenye kuongoza kwaya ya kina mama Matulo tangu enzi za kale! Nikafungua mdomo. Tenzi zote zimetoroka. Kitu kinatoka mdomoni ni tangazo la redio la dawa ya kuogeshea ng'ombe! Na bana, malaika wakaitikia kwa besi: kupe kwisha, kupe kwisha!"

Edah alijiziba mdomo kwa sketi ya mtu. Kicheko kilimpanda kama maziwa yanayochemka, akakizuia, akakizuia tena, kisha kikamwagika. Alicheka kwa sauti hadi machozi yakamtoka, na kwa kicheko hicho aliona mchezo umekwisha. Angefungua mlango, aombe radhi, awapikie chai. Alisimama. Chumba kizima kikazunguka. Miguu yake haikuwa yake. Ilikuwa kama miguu ya kaptula isiyo na mtu ndani. Alinyoosha mkono kumshika Wamalwa, mkono usifike. Halafu hakukuwa na chochote.

Yaliyofuata Edah aliyasimuliwa baadaye.

Senge Roselyne alisikia kicheko, akafurahi. "Sasa umejiuza mwenyewe! Fungua, mtoto wa ndugu yangu." Kisha alisikia kishindo kama cha gunia la mahindi linaloangushwa. Alingoja. Aliita. Alidhani ni ujanja mwingine, akaita tena kwa utani. Lakini yule mama alikuwa amelea watoto tisa, wake na wa wenziwe, na alijua kwamba mtu anayecheka hunyamaza kidogo kidogo, kwa kwikwi na mafua. Hazimiki ghafla kama taa.

"Edah!" Sasa utani ulikuwa umetoka sautini. "Wamalwa! Nyinyi watu!"

Aliusukuma mlango, komeo likagoma. Alitazama huku na huku akitafuta jiwe, na uani kwa Edah hakukuwa na jiwe. Kulikuwa na mzigo wake. Akafungua fundo la leso, akatoa boga la kienyeji, gumu kama ganda la kobe, akaliinua juu ya kichwa kwa mikono miwili na kulivurumisha dirishani. Kioo kikaruka vipande, boga likapita na pazia likatua ndani. Joto zito lilitoka na kumpiga usoni. Hakuona moshi. Aliona tu jiko linalometa, mwanamume kitandani asiyeshtuliwa na kioo kinachovunjika, na mkono wa Edah sakafuni, umeshika sindano.

Mayowe aliyopiga yalivuka mvua. Jirani yao Kiptanui, aliyekuwa akikamua ng'ombe upande wa pili wa ua, alisema kwamba alidhani nyumba inaungua. Alikuja mbio na mtaimbo.

"Mama, rudi nyuma kidogo," alisema, akautia mtaimbo kwenye bawaba na kuung'oa mlango.

Waliwaburuta wote wawili hadi barazani, wakawalaza penye upepo na manyunyu. Wamalwa alikoroma mara moja, akakohoa. Edah hakukohoa. Senge Roselyne alimpakata kichwa mapajani, akampepea kwa leso, akamwita kwa jina la kuzaliwa, la ubatizo, na yale ya utotoni ambayo Edah aliyachukia. Hakuacha kumwita hata walipopakiwa kwenye pikapu ya maziwa ya Kiptanui, na hakuacha hadi walipofika hospitalini na Edah akafunikwa pua na mdomo kwa kikombe cha oksijeni.

Kesho yake mchana Edah alikuwa ameketi kitandani wodini, uso umemsawijika lakini akili zimerudi. Wamalwa, aliyepata nafuu mapema, alikuwa ameegemea ukuta. Daktari, binti mpole aitwaye Jerop, aliwaeleza kwamba makaa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu hata moshi unapokwisha, na kwamba katika chumba kilichozibwa sumu hiyo huua watu wakiwa usingizini.

"Mmekuwa mkiumwa kichwa? Kutapika? Ndoto za ajabu?" aliuliza.

Edah na Wamalwa walitazamana. Ng'ombe mwenye sketi na cherehani mgombea walipita baina yao kimya kimya.

"Nilidhani ni kipaji," Edah alisema kwa sauti ndogo.

"Ubongo ukikosa hewa, Mama, unaweza kuona mengi. Mmekuwa mkinywa sumu hii kidogo kidogo. Jana mmeinywa kikombe kizima. Nusu saa nyingine tu," daktari alisema, akaacha sentensi hapo.

Daktari alipoondoka, Edah alimgeukia Senge, aliyekuwa ameketi kwenye benchi na leso yake yenye matope. Machozi yalimtiririka.

"Senge, hatukuwa Webuye. Nilikudanganya. Nilikufungia mlango."

"Nilijua, bana. Viatu haviendi safari peke yake."

"Mbona basi hukuondoka? Ungekasirika ukaenda zako..."

Senge Roselyne alitazama mikono yake. "Nilikasirika kidogo. Lakini nilikuwa na neno langu, na sikutaka kulirudisha. Lile gauni ulilonishonea Krismasi, unalikumbuka? Siku ya mazishi ya rafiki yangu Nasike nilisimama mbele ya watu nikaimba nimevaa gauni hilo, na nikajiona mtu. Tangu siku ile nikasema, lazima niende kwa huyu mtoto nimwambie asante. Nilitaka kusema hivyo tu, niwape boga, nigeuze na gari la jioni."

"Ungesema kwenye simu, Senge."

"Asante haitumwi kwa simu. Mtu huibeba mwenyewe."

Edah alimshika mkono shangazi yake na kuubana shavuni. Alifikiria gari la jioni lililomsubiri mgeni ambaye yeye alimwogopa kwa miezi, na jinsi ambavyo mgeni mwingine, mwenye haya na adabu za kujikataza, angegonga mara mbili na kwenda zake. Alimshukuru Mungu kwa watu wasiojua kuondoka.

"Sasa hurudi Matulo," alimwambia. "Kaa hadi mahindi yavunwe."

"Ai! Na tenzi zangu za alfajiri?"

"Imba," Wamalwa alidakia kutoka ukutani. "Imba kwa sauti ya juu. Tukikusikia tutajua tuko hai."

Walicheka wote watatu hadi muuguzi akaja kuwakemea. Jioni hiyo Senge Roselyne na mke wa Kiptanui walikaa mezani kwa Edah wakatia vifungo sketi zote zilizobaki, na wenye sare walizipata kwa kuchelewa siku moja tu. Jiko lilihamia barazani na halikuvuka tena kizingiti. Kuhusu ndoto, zilikoma kabisa. Wateja walipodai mpya, Edah aliwaambia kwamba kisima kimekauka, kisha akawauliza kila mmoja anaweka jiko lake wapi usiku, na hakumpima mtu bega kabla hajajibiwa.

Mlango wake ulitiwa bawaba mpya, na tangu siku hiyo sauti ya hodi haikumaliza kusikika kabla ya Edah kuwa amekwisha kuufungua, awe anayebisha ni jamaa, jirani au mpita njia aliyepotea. Wanaomwona mwepesi hivyo humuuliza haogopi kuliwa na wageni. Naye huwajibu kwamba wageni hawajamla, wamemwacha na pumzi zake; na kwamba waliosema hawakukosea: mgeni njoo, mwenyeji apone.