Mkia wa Waya

Wahenga waliosema mdharau mwiba mguu huota tende hawakupata kumwona Tacho Villarreal, lakini walimjua vizuri. Walijua kwamba duniani kuna watu ambao mafuriko yakija watapanda kilimani na moto ukiwaka watakimbia, ila jambo dogo, dogo kama ncha ya mwiba, watalipita wakipiga mluzi. Jambo hilohilo huwatangulia mbele ya safari, likawangoja huku likikua.

Tacho alifanya kazi kwenye ranchi moja ya kusini mwa Teksasi, kule ambako karibu kila kinachoota kina miiba. Msimamizi wake alikuwa dada yake mkubwa, Delfina. Mwaka ule mvua iligoma kabisa. Nyasi zilikauka, dungusi zikanywea, na kulungu wakaanza kuhesabika mbavu. Delfina akaamua wawatengenezee mahori ya waya na kuwajazia mbegu za pamba, chakula ambacho nguruwe mwitu hawana haja nacho. Kazi yenyewe haikuwa ya kuumiza kichwa. Unakata kipande cha wavu wa uzio, unakiviringisha kama pipa, unafunga kwa waya, unakisimamisha baina ya nguzo mbili za chuma, kisha unamimina mbegu. Mbegu hizo zina manyoya, hushikana kama sufu, hivyo hazimwagiki. Kulungu huja akazivuta kwa midomo kupitia matundu, kidogo kidogo.

"Waya wa kufungia usiuache na mkia," Delfina alimwambia bandani. "Ukate mfupi, halafu ncha zote uzikunje kwa ndani. Dume akija kusugua pembe hapa akanaswa, hatoki."

"Ananaswaje, dada? Kwani kulungu anavaa sweta?"

"Cheka tu. Ila kunja."

"Haya, bosi. Nikishakunja nizipake na rangi ya kucha?"

Delfina alicheka bila kupenda, akatoka kwenda kulipokea lori la mbegu. Tacho akakunja ncha za hori la kwanza kama alivyoagizwa. Plaizi ilimchubua kiganja, giza lilikuwa linanyemelea, na harufu ya tamale za nyama, zilizofungwa kwenye maganda ya mahindi na kuchemshwa jikoni, ilimfikia hadi bandani. Mahori yaliyobaki aliyafunga kwa waya mrefu, akauzungusha mara mbili tatu, mkia akauacha unaning'inia. Mezani dada yake alipomuuliza kama amekunja, alijibu huku mdomo umejaa.

"Yote. Nimekunja yote."

Delfina hakwenda kukagua. Hakuwa amewahi kumkagua ndugu yake hata siku moja.

Mahori yakasambazwa malishoni, kulungu wakayazoea, mbavu zikaanza kujificha. Tacho akajipongeza kimoyomoyo. Hivi kuna dume gani aliyekufa kwa ajili ya kimkia cha waya?

Mapema Januari, wakati madume bado yana wazimu wa kupigana na chochote kinachosimama mbele yao, redio ilitangaza kwamba upepo wa kaskazini unakuja, ule unaoshuka ghafla na kugeuza jasho la asubuhi kuwa barafu. Delfina alisema kazi zote za mbali zisubiri. Tacho akamwambia anakwenda kulitupia jicho hori la bondeni tu, atarudi kabla chakula hakijapoa.

Hori la bondeni halikuwapo. Nguzo moja ilikuwa imepinda, nyingine imeng'oka na kulala chini. Mbegu nyeupe zilikuwa zimemwagika na kufanya njia iliyoingia vichakani. Tacho alisimama akasikiliza. Hapakuwa na sauti ya ndege hata mmoja. Moyo ulimwambia arudi kwenye pikapu achukue plaizi na simu, vyote viwili vilikuwa kwenye kiti. Lakini pikapu ilikuwa nyuma na njia ilikuwa mbele, naye alitaka kutazama tu. Akaifuata njia ile nyeupe mikono mitupu.

Hatua chache ndani ya kichaka aliona damu kwenye jani la dungusi. Mbele zaidi alisikia chuma kikikwaruza mawe, kikanyamaza, kikakwaruza tena.  Aliinama kupita chini ya tawi, na alipoinuka alikuwa ana kwa ana na dume la kulungu.

Lilikuwa dume kubwa, pembe zake zina matawi mapana. Mkia wa waya ulikuwa umejisokota kwenye shina la pembe, na nyuma yake hori zima, limepondeka kama kopo lililokanyagwa, lilikuwa linaburutwa. Macho yake yalikuwa mekundu na povu limelikauka mdomoni. Tacho aliutambua waya ule. Alikuwa ameuzungusha kwa mikono yake mwenyewe, mara mbili tatu. Akarudi nyuma hatua moja, na mguu wake wa kushoto ukaingia kwenye kitanzi kilichokuwa kimejificha majanini.

Dume likaruka. Kitanzi kikambana juu ya kiatu, akapigwa mwereka na kuburutwa juu ya mawe na miiba, akipiga kelele ambazo hapakuwa na wa kuzisikia. Hori likakwama kwenye kisiki. Vumbi lilipotua, mtu na mnyama walikuwa wamefungwa kwenye waya mmoja, na kisiki kipo kati yao.

Alijaribu kukifungua kitanzi kwa vidole. Aliposogea tu, dume lilimrukia. Pembe zilisimama shubiri moja kutoka kifuani mwake, waya umekaza unalia. Likarudi nyuma kwa nguvu, na kitanzi kikazama zaidi kwenye nyama. Tacho akalala chali bila kutikisika. Hakuwa amewahi kuogopa kiasi kile maishani mwake. Aliogopa hata kumeza mate. Kila alipopumua kwa nguvu masikio ya dume yalisimama, kila masikio yaliposimama mkojo ulitaka kumtoka, na mwishowe ukamtoka.

Kisha upepo ukageuka. Kwanza ulikuja ubaridi mdogo usoni, halafu vichaka vyote vikainama kwa pamoja, na jasho la mgongoni likawa kama maji ya kisima. Mguu uliuma, ukawaka, ukaanza kufa ganzi. Alisali sala zote alizofundishwa na mama yake, akazichanganya, akazirudia. Katikati ya sala ikamjia picha ya plaizi ile kwenye kiti cha pikapu. Siku ile bandani ilikuwa mkononi mwake. Kazi yenyewe ilikuwa ya kubana mara moja na kukunja mara moja.

"Tacho! We Tacho!"

Ilikuwa sauti ya Delfina, aliyemfuata baada ya chakula kupoa, ikija kwenye njia nyeupe. Furaha ilimpanda na papo hapo ikageuka kuwa hofu mpya, kubwa kuliko ya kwanza. Akipiga kelele, dume litamrukia. Akinyamaza, dada yake atatokeza moja kwa moja mbele ya pembe.

"Dada, simama hapohapo! Usije!"

Dume likaruka, tawi la pembe likampasua mkono wa koti. Delfina akasimama kwenye ukingo wa kichaka, uso umempauka.

"Bikira Maria! Pembe zinakufikia?"

"Bado kidogo. Kimbia, dada, kaite watu."

"Watu gani, na baridi hii? Nikirudi nitakukuta gogo. Funga mdomo, usipumue."

Alivua koti lake, akazunguka polepole upande ambao upepo haukupeleka harufu yake, akanyata. Tacho alifumba macho; hakuweza kutazama. Alisikia kishindo cha nguo, kwato zikikwaruza, halafu kimya. Alipofumbua, koti lilikuwa limefunika kichwa cha dume, nalo limesimama likitetemeka mwili mzima. Delfina alikuwa amepiga magoti penye mguu wa ndugu yake, mkononi ana plaizi aliyoichukua kwenye pikapu. Waya ukakatika. Tacho akajiburuta kwa viwiko hadi nyuma ya mti, na kutoka huko akamwona dada yake akilisogelea lile dume, akinong'ona kama anayembembeleza mtoto, akaukata waya karibu na pembe, akajitupa pembeni. Dume lilitikisa kichwa, koti likaanguka, dume lenyewe likatoweka vichakani na kipande cha waya kikiwa bado kimejisokota kwenye pembe.

Delfina aliokota waya uliobaki. Aliutazama ule mkia mrefu usiokunjwa, kwa muda mrefu, upepo ukimpiga bila koti.

"Na mengine?"

"Yote, dada. Isipokuwa lile la kwanza."

Hakumtukana. Tacho aliomba moyoni amtukane. Akajikaza kusimama.

"Twende tukayakate sasa hivi. Huu mguu ni mkwaruzo tu, nitauangalia kesho."

Delfina alimkazia macho. "Hebu rudia ulichosema."

Tacho alijisikia mwenyewe anavyosema. Akamwegemea dada yake hadi kwenye pikapu, akaingia.

Hospitalini walimlaza, na siku chache baadaye wakamkata vidole viwili vya mguu vilivyokufa. Mchana uleule wa kulazwa kwake Delfina alirudi malishoni peke yake na plaizi ile, kwenye mvua ya barafu. Tacho alilala akisikiliza chembe zikigonga dirisha, na kila zilipogonga alimwona dada yake akiinama kwenye hori jingine, mbele ya mkia mwingine wa waya, ambao yeye ndiye aliyeuacha. Hofu ya kichakani ilikuwa imekwisha. Hii haikutaka kwisha hadi mlango ulipofunguliwa, dada yake akaingia akiwa amelowa chepechepe, mzima.

Mwezi Machi madume yalipoangusha pembe, Delfina aliokota moja bondeni, waya ukiwa bado umeizunguka. Akaitundika juu ya mlango wa banda.

Tacho bado anatengeneza mahori, akichechemea. Siku za baridi mguu humvimba hadi kiatu kikakataa kuingia, akafanya kazi na soksi. Jioni moja dada yake alisimama mlangoni, chini ya pembe ile, akamuuliza kama zamani:

"Umekunja?"

Tacho aliweka plaizi chini. Aliushika mkono wa dada yake, akaupitisha juu ya wavu, ncha baada ya ncha, duara zima, mpaka mwisho. Mkono haukukwaruzwa popote. Delfina akaitikia kwa kichwa, kisha akautazama ule mguu uliofura kwenye soksi, akautazama na ule uliokuwa ndani ya kiatu. Miguu yote miwili, mzima na uliovimba, ilishuhudia jambo moja: mdharau mwiba mguu huota tende.