Mtoto wa Gari Lililonyonywa Umeme

Sogeeni karibu, maana hukumu ya kisa hiki ni yenu.

Huko Rungwe walikuwapo dada watatu waliorithi gereji ya baba yao. Subilaga, mkubwa, hakuamini jambo mpaka alipime. Tusekile alizijua njia za nyaya ndani ya gari kama vichochoro vya mtaa wake. Bupe, kitinda mimba, alikuwa na vidole vinavyohisi kisichoonekana.

Gari la wagonjwa la zahanati yao likawa linalala zima, asubuhi haliwaki. Betri ikabadilishwa, hali ikawa ileile. Wakubwa wa zahanati wakaamua liondolewe. Hapo Atuganile, mjamzito aliyewahi kumpoteza mtoto kwa kukosa usafiri, akawaendea wale dada.

“Siku zangu zimekaribia,” akasema. “Nisaidieni, ndugu zangu.”

Subilaga akazima kila kitu garini, akafungua waya mmoja wa betri, akaunganisha mita ya kupimia umeme katikati. Mshale ukapanda. Akawaambia betri haina kosa. Kuna kitu kinanyonya umeme gari likiwa limezimwa.

Tusekile akachomoa fyuzi mojamoja, macho kwenye mshale. Alipochomoa ya chumba cha mgonjwa, mshale ukaanguka. Lakini fyuzi ile ililisha taa, feni na kabati la dawa, na vyote vilionekana vimezimwa.

Bupe akaingia nyuma, akapapasa. Mlango wa kabati ulikuwa na uvuguvugu. Kumbe swichi ya kuzima taa mlango ukifungwa ilikuwa imekwama, taa ya ndani ikawa inawaka kabati likiwa limefungwa, wala hakuna aliyeiona. Akaweka swichi mpya.

Uchungu ulipomshika Atuganile, dereva aligeuza ufunguo, gari likanguruma palepale. Akajifungua salama hospitalini, mtoto wa kike mwenye sauti kali. Wanyakyusa wa mtaa ule wakatembea vifua mbele: mabinti zetu hao.

Atuganile akatangaza kuwa mtoto atabeba jina la aliyeliponya gari. Jina moja tu.

“Bila mimi mngekuwa bado mnabadilisha betri,” akasema Subilaga.

Tusekile akasema bila yeye wangelifumua gari zima.

Bupe akajibu taratibu, “Mlijua ugonjwa ulipo. Nani aliutibu?”

Mama amempakata mtoto, anangoja. Je, wewe ungempa jina la nani?