Ubeleko wa Bi Mboja

“Nianze, nisianze?”

“Anza, Bibi!”

“Nikianza mtanikatiza?”

“Hatukukatizi!”

Waongo wakubwa nyinyi. Haya basi. Hapo kale, kale yenyewe hasa, kabla babu wa babu yangu hajaota meno, kulikuwa na mji, na mji ulikuwa na watu, na watu walikuwa na mambo yao. Aliyewaona hayupo. Mimi nimepewa na bibi yangu, nami nawapa nyinyi, na nikiongeza kidogo ni kwa kunogesha tu.

Mji wenyewe ukiitwa Kisutuni. Asya, sogea huku, usimlalie mwenzio. Watu wa Kisutuni walilima mpunga, walipenda ngoma, na walipenda nguo. Ee, walipenda nguo! Zamani nguo zao zilifumwa pale pale mjini na mzee mmoja, Fundi Vuai. Mtu akinunua shuka kwa Fundi Vuai, analivaa yeye, analivaa mwanawe, likichoka linakatwa winda la mjukuu, na likishakufa kabisa linashikiwa chungu cha moto jikoni. Hata hapo bado lina kazi.

Kisha akaja Faki. Huyu alikuwa mchuuzi. Kila siku ya gulio anaingia na furushi kichwani, anaita, “Nguo mpya! Nguo mpya! Ya jana si ya leo!” Na zinang'aa hizo nguo, wanangu, nyekundu, zambarau, manjano ya kuumiza macho. Tena rahisi! Kikapu kimoja cha mpunga, unapewa nguo. Fundi Vuai yeye anataka mbuzi mzima, na anataka miezi mitatu ya kufuma. Sasa wewe ungekwenda kwa nani? Usinijibu, Khatibu, jibu lako nimeliona umelivaa.

Wakanunua. Gulio hili nyekundu, gulio lile zambarau. Faki alizitia dondo nguo zake, ule uji wa wanga unaoikausha nguo mpaka inasimama yenyewe. Ukiishika unasema, lo, nzito hii! Ukiifua mara ya kwanza, dondo linakwenda na maji. Ukiifua mara ya pili, unatia mkono ndani unahesabu vidole vyako kwa nje. Mara ya tatu hakuna.

Na watu wakazoea! Hilo ndilo linalonichekesha mpaka leo. Wazee wa Kisutuni wakaacha kuinama wakisalimiana, wanaogopa mshono. Wanawake wakikaa kitako wanakaa polepole, kwanza upande huu, halafu upande huu. Mtu akichekeshwa anacheka nusu, nusu anaiweka, asije akapasukiwa mbele za watu. Ukimwona bwana anatembea na mikono nyuma, unasema huyu ana mawazo mazito, kumbe maskini ameziba tundu. Na ukiwauliza, wote wanakwambia, “Nguo ndivyo zilivyo siku hizi.”

Basi katika mji huo alikuwako kijana, jina lake Ngwali. Mchapakazi, mpole, lakini kwa nguo za Faki hasikii wala haoni. Ngwali alimpenda Mize, binti wa Bi Mboja. Na Mize alimpenda Ngwali, ila hakuacha kumcheka.

“Ngwali,” alimwambia, “juzi ulikuwa mwekundu, jana ulikuwa manjano. Nikiolewa nawe, asubuhi nitakujuaje?”

Posa ikapelekwa, posa ikakubaliwa, ikabaki ubeleko. Mnaujua ubeleko nyinyi? Hamuujui. Wachezaji wa mpira mnawajua mpaka wale wa akiba, ubeleko hamuujui. Ubeleko ni nguo anayopewa mama wa bibi arusi. Bwana arusi anamwambia, mama, ulimbeba huyu mgongoni mpaka akawa mtu, ahsante, pokea nguo hii.

Lakini Kisutuni ubeleko haukupokelewa hivi hivi. Ulipimwa. Mama mkwe anachukua boga kubwa, kubwa la uzito wa mtoto, analifunga mgongoni kwa ile nguo, anaizunguka nyumba mara tatu, na wanawake nyuma yake wanaimba:

*Beba, mama, beba,*
*uliyembeba anakwenda,*
*beba mara ya mwisho.*

Nguo ikimudu, harusi. Isipomudu, bwana arusi anashika njia kwenda kwao.

Siku ikafika. Ngwali akaja na ubeleko wa Faki, mwekundu, una nakshi za dhahabu pembeni. Bi Mboja alipouona alipiga kigelegele mwenyewe. Mama yule alipenda kutazamwa, jamani! Akaufunga, akapandishiwa boga, akaenda. Mzunguko wa kwanza, *beba, mama, beba*, anatingisha mabega. Mzunguko wa pili, *uliyembeba anakwenda*, anatazama huku na huku kama anaonekana vizuri. Alipofika pembeni mwa jiko, praaa! Boga likaanguka, likapasuka vipande vinne, na mbuzi wa jirani wakafika kabla ya mtu yeyote.

Msicheke. Haya, chekeni, lakini Mize alilia siku hiyo. Alijifungia ndani akalia kwa sauti, na Ngwali alimsikia toka uani.

Bi Mboja akasema, “Ngwali, umeniangushia mtoto.”

“Mama, ni boga.”

“Leo ni boga! Kesho? Mwanangu haendi kwa mtu asiyejua kuchagua cha kubebea.” Angalia maneno hayo, na yeye nguo aliyovaa ilikuwa ya Faki vile vile! “Nakupa mpaka mpunga uvunwe. Ukishindwa, wako watu wa ng'ambo ya mto wameshaniuliza habari za Mize, na sitawaambia hapana.”

Mpunga wakati huo ndiyo kwanza umepandwa. Ngwali akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Faki, ana hasira mpaka masikio yanamuwaka. Njiani mvua ikamkuta, mvua ya mawe hasa. Alipofika, Faki naye ndiyo anaingia kutoka shambani, wote wawili wamelowa chapachapa. Shuka la Ngwali lilikuwa limeshamganda mwilini, rangi inamtiririka miguuni, pindo limekatika. Shuka la Faki lilikuwa la rangi ya udongo tu. Faki akalivua, akalikamua kwa nguvu zake zote, akalikung'uta mara moja, pwaa, akalivaa tena. Halina hata uzi uliotoka.

Ngwali akasahau hasira zake. “Bwana Faki, hilo umelitoa furushi gani?”

Faki akakohoa. “Hili? Aa, hili la zamani.”

“La zamani gani?”

“La miaka tisa, la mwaka nilioanza uchuuzi.”

“Umelinunua wapi?”

Faki akatazama dari, akatazama mvua, mwisho akasema kwa sauti ya mgonjwa, “Kwa Fundi Vuai.”

Mmesikia? Miaka tisa anawavisha watu uji, yeye mwenyewe amevaa nguo. Ngwali hakumpiga, hakumtukana. Aliondoka pale pale, na mvua ile ile.

Akamkuta Fundi Vuai anafuma mkeka, maana uzi haumpi tena chakula. Kitanda chake cha kufumia nguo kuku wamekitagia.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba. Umepotea njia? Kwa Faki ni kule.”

“Nataka ubeleko, Mzee. Ubebe boga.”

“Boga la nani?”

“La Bi Mboja.”

“Lo! Basi tutafuma nene.” Mzee akacheka mpaka akashika kiuno. “Miezi mitatu, na mbuzi. Na si mbuzi dume lenye upele, nataka jike la maziwa.”

Ngwali alikuwa na mbuzi jike mmoja tu. Yule mbuzi alimlea mwenyewe, anamwita jina naye anaitika. Lakini akakumbuka kilio cha Mize, akaenda akamfungua, akamleta.

Mji ukamcheka! “Ngwali kapata wazimu! Mbuzi mzima kwa nguo moja!” “Mbuzi mmoja si nguo kumi na mbili kwa Faki?” Akipita wanamfanyia “mee-ee”. Na kwa vile hakununua tena kwa Faki, alishinda na shuka moja kuukuu, analifua jioni, analivaa asubuhi. Rafiki zake wakamwona ameishiwa. Wakati mwingine naye alijiona mjinga, akaenda kwa Fundi Vuai amwambie basi, nirudishie mbuzi wangu. Mzee anampa pamba achambue mbegu, anaendelea kufuma, ta-ta, ta-ta, ta-ta.

Mpunga ukavunwa. Watu wa ng'ambo ya mto wakaja na zawadi zao, wakakaa kibarazani kwa Bi Mboja wanasubiri. Na Bi Mboja siku hiyo alivaa gauni la zambarau la Faki, jipya, limetiwa dondo mpaka akitembea linasema kra, kra, kra.

Ngwali akaja. Akaufungua ubeleko mbele za watu. Ulikuwa wa rangi ya udongo, mzito, hauna nakshi, hauna kitu.

Bi Mboja akaushika kwa vidole viwili. “Ngwali, hii ni nguo au gunia?”

“Ni ubeleko, mama.”

“Nivae hii watu wanitazame?”

“Upime kwanza, mama. Boga lipo.”

“Sipimi! Siwezi kufunga gunia mgongoni na wageni wangu wanaona.” Akamtupia Ngwali nguo yake kifuani. “Wageni wa ng'ambo ya mto, karibuni ndani!” Mize aliyekuwa mlangoni akafunika uso kwa mikono miwili. Na Bi Mboja, kwa zile hasira, akainama kuliondoa boga njiani wageni wapite.

Akainama, wanangu. Kwa gauni la Faki.

Chwaaa!

Kutoka shingoni mpaka chini, lote. Wageni wa ng'ambo ya mto wakageukia ukutani wote kwa pamoja. Wanawake wa mjini wakataka kuvua kanga zao wamfunike, wakakumbuka nazo ni za Faki, wakizivuta kwa haraka zitapasuka, nao wabaki kama yeye. Bi Mboja amesimama, amekumbatia boga, mtu mzima.

Sasa sikilizeni. Kwa watu wale, mkwe hamtazami mama mkwe hata usoni, seuze hivyo. Ngwali akafumba macho. Akageuka, akaanza kwenda kinyumenyume, ameunyoosha ubeleko nyuma yake. Akagonga nguzo. Akakanyaga kuku. Akaomba radhi kwa kinu, alidhani ni mtu. Lakini akafika, na Bi Mboja akaipokea ile nguo, akajifunga kutoka kwapani mpaka miguuni, ikamtosha na ikabaki.

Mize alifuta machozi, akasogea, akamwambia mamake taratibu, kwa adabu zote:

“Mama, mvulie basi. Umrudishie gunia lake.”

Bi Mboja akamtazama binti yake. Akautazama ule ubeleko, akaushika pindo, akauvuta kwa mikono miwili, ukavutika kidogo ukarudi mahali pake. Kisha akaanza kucheka. Alicheka kicheko kizima, cha kutikisa tumbo, ambacho hakuna mtu Kisutuni aliyekicheka miaka tisa, kwa sababu alijua alichovaa hakitapasuka.

“Wageni wangu,” akasema, “nisameheni, mle mshibe, mrudi salama. Mwanangu ameshapata mume.” Halafu, bila kumtazama usoni, akasema, “Ngwali, mwanangu, fumbua macho. Nimesitirika.”

Wakaoana wiki ile ile, na boga likapikwa kwa nazi.

Na nyinyi, mnaocheka kama hamkusikia jambo. Nguo usiinunue kwa macho peke yake. Ivute. Igeuze ndani nje, utazame mshono. Inyanyue juani uone kama unaniona mimi upande wa pili. Halafu ndiyo uulize bei. Na kama huwezi leo, ngoja, vaa ulichonacho ukifue vizuri, ununue moja itakayokusitiri siku utakayoinama. Maana kuinama utainama tu, na siku hiyo huchagui wewe.

Kisa changu nimekivua, nimewavika nyinyi. Kikiwapwaya, mtakua. Kikiwabana, kinyoosheni. Msinirudishie kimechanika.